Ilungu: tanuri la Wafipa lililopumua lenyewe

Desemba iliyopita nilikuwa kijijini kwa mjomba wangu, wilaya ya Nkasi. Kwenye kona ya shamba lake la mahindi kuna kitu ambacho tangu utotoni tulikiita "kichuguu cha wazee". Kinafanana na chungu kikubwa kilichovunjika mdomo. Ukisimama karibu nacho kinakufika kifuani. Kuta zake ni nene, za udongo uliochomwa mpaka ukawa mgumu kama tofali, na chini kina matundu kuzunguka pande zote. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunajificha humo tukicheza kombolela, na tukitoka magoti yamechubuliwa na vipande vyeusi vizito vilivyotapakaa pale chini.

Mjomba anataka kukivunja.

"Mpwa wangu," aliniambia, "hapo nikisawazisha napata matuta manne ya mahindi. Wewe ndiye uliyesoma. Niambie, hicho kitu kina faida gani?"

Nina shahada ya uzamili, lakini siku ile nilibaki naguna tu. Makala hii ndiyo jibu langu. Limechelewa, lakini afadhali kuchelewa kuliko kukosa kabisa.

Kile si kichuguu. Kwa Kifipa kinaitwa ilungu, na yakiwa mengi ni malungu. Ni tanuri la kuyeyushia mawe ya chuma. Yapo mengi yaliyosalia katika uwanda wa juu wa Ufipa, mengine yamesimama karibu mazima, mengine yamebaki duara la udongo mwekundu kwenye nyasi. Huenda umewahi kupita karibu na moja ukienda Namanyere au Matai, usijue.

Kwanza, chuma kinapatikanaje?

Wengi wetu tukisikia "uhunzi" tunamwona fundi anayegonga chuma chekundu juu ya fuawe. Hiyo ni nusu ya mwisho ya kazi. Yule fundi wa sokoni anaanza na springi ya gari au nondo, yaani chuma ambacho tayari mtu mwingine amekitengeneza. Mfipa wa karne ya 19 alianza na jiwe.

Jiwe la chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni, yaani kutu ya zamani sana iliyogeuka mwamba, na ndani yake kumechanganyika mchanga na udongo. Ili upate chuma lazima ufanye mambo mawili. La kwanza, uitoe oksijeni. La pili, uutoe uchafu.

Kazi zote mbili hufanywa na makaa. Makaa yakiungua mahali penye hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Gesi hiyo ina uchu wa oksijeni. Ikipita kwenye jiwe la chuma lililopata moto inaing'oa oksijeni na kuondoka nayo, na chuma kinabaki.

Sasa hapa watu wengi wanakosea. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538. Matanuri ya kale ya Afrika hayakuhitaji kufika huko. Uchafu ndio unaoyeyuka mapema, kwenye nyuzijoto kama 1,150 hadi 1,200, unatiririka chini kama uji mzito, na ukipoa unakuwa vile vipande vyeusi vizito vilivyotuchubua magoti. Waswahili wanaviita mavi ya chuma, na jina linajieleza lenyewe. Chuma chenyewe kinabaki juu kikiwa bonge lenye vishimovishimo kama sponji. Kwa hiyo tanuri halikuyeyusha chuma. Liliyeyusha uchafu, likaacha chuma.

Kufikia nyuzijoto 1,200 si mchezo. Jiko lako la nyumbani halifiki huko. Unahitaji hewa nyingi, na unaihitaji kwa muda mrefu bila kukatika. Sehemu nyingi duniani watu walitatua tatizo hili kwa mivukuto: mifuko ya ngozi inayopulizwa kwa mikono, saa baada ya saa, watu wakipokezana. Wahaya wa Kagera, ambao uyeyushaji wao ulipata umaarufu baada ya Peter Schmidt na Donald Avery kuandika juu yake katika jarida la Science mwaka 1978, nao walivukuta.

Wafipa, kwenye hatua hii ya kwanza, hawakuvukuta kabisa.

Pumzi ya bure

Hebu fikiria jiko la mkaa linalogoma kuwaka. Mama anachukua kopo refu lililotobolewa juu na chini, analisimamisha juu ya makaa, na baada ya dakika chache moto unanguruma. Hakuna aliyepuliza. Kimetokea nini?

Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo inapanda. Ikiwa ndani ya bomba haitawanyiki pembeni, inapanda yote kwa pamoja, na nafasi inayoiacha chini inajazwa na hewa baridi kutoka nje. Bomba likiwa refu zaidi, mvuto unakuwa mkubwa zaidi. Ndiyo maana viwanda vina mabomba marefu ya moshi.

Ilungu ni kopo hilo, lakini la udongo na lenye urefu wa kama mita 3. Mafundi walijenga ukuta wa duara uliopungua upana kadiri ulivyopanda, wakitumia zaidi udongo wa vichuguu. Hawakuuchagua ovyo. Mchwa wameshauchambua, ni laini, unashikana vizuri na unavumilia moto. Chini waliacha matundu kadhaa, na kwenye matundu hayo wakaingiza mabomba madogo ya udongo, kewa, ili hewa ifike katikati ya moto na isiishie ukutani. Halafu wakajaza tanuri makaa na mawe ya chuma, wakawasha, wakaziba panapotakiwa kuzibwa, wakaliacha lijipumulie kwa siku mbili au tatu.

Nilipiga hesabu kidogo, na unaweza kuirudia mwenyewe. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,800. Mita moja ya ujazo ya hewa ya huko ina uzito wa karibu kilo 1. Hewa hiyohiyo ikipata moto wa wastani wa nyuzijoto 700 ndani ya tanuri inabaki na uzito wa kama gramu 300. Zidisha tofauti hiyo kwa urefu wa mita 3 na nguvu ya mvutano wa dunia, unapata mvuto wa takriban paskali 20.

Paskali 20 ni kidogo mno. Ukinywa soda kwa mrija wa sentimita 15, mdomo wako unavuta kwa nguvu ya zaidi ya mara 70 ya hiyo. Nilipopata jibu nilidhani nimekosea, nikarudia. Nilikuwa sijakosea. Ilungu halivuti kwa nguvu. Linavuta bila kuchoka, usiku na mchana, kupitia matundu mengi kwa wakati mmoja, na watu wanaweza kwenda kulala.

Kumbuka pia kwamba uwandani kule hewa ni haba. Ukilinganisha na Dar es Salaam, kila pumzi ya Sumbawanga ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Anayevukuta kwa mkono angelazimika kufanya kazi zaidi kupata moto uleule.

Matanuri ya kujivutia hewa hayakuwa ya Wafipa peke yao. Yalijulikana Malawi, Zambia na hata Togo, na Afrika ndiyo iliyoyatumia kwa wingi. Wala Ufipa haikuwa na njia moja tu. Mwanaakiolojia Mtanzania Bertram Mapunda, katika utafiti wake wa udaktari uliokamilika mwaka 1995, alionyesha kwamba eneo la Nkasi limepitiwa na teknolojia zaidi ya moja. Kando ya Ziwa Tanganyika kulikuwa na aina aliyoiita katukutu, tofauti kabisa na malungu ya uwandani, na baadaye wakaja mafundi Warongo kutoka kaskazini na mtindo wao wa mivukuto. Nalisisitiza hili kwa sababu tumezoea kusikia kwamba "wazee walifanya hivyo tangu enzi na enzi", kana kwamba hawakuwa na akili ya kubadilika. Watu walikuwa na njia kadhaa mbele yao, wakachagua.

Gharama ya pumzi ya bure

Hakuna cha bure kabisa. Moto wa polepole wa ilungu haukuwa sawa kila mahali ndani ya tanuri. Bonge lililotoka lilikuwa na chuma, ndiyo, lakini kilichochanganyika na uchafu mwingi, na sehemu nyingine hazikuiva vizuri. Huwezi kufua jembe kwa bonge kama hilo. Litapasuka.

Kwa hiyo Wafipa walikuwa na hatua ya pili. Walilivunja bonge, wakachagua vipande vizuri, wakavipeleka kwenye tanuri dogo liitwalo kintengwe, lisilofika hata mita moja. Hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Tanuri ni dogo, kazi ni ya muda mfupi, na moto ni mkali unaoweza kuongozwa. Uchafu uliobaki ulitoka, chuma kikashikana. Baada ya hapo ndipo mhunzi alipochukua nyundo.

Ukiuangalia mpangilio huu kwa jicho la mhandisi unaona mantiki yake. Kazi kubwa na ndefu waliuachia upepo. Kazi ndogo inayohitaji usahihi wakaitumia jasho. Walilipa kwa makaa mengi zaidi na kwa hatua moja ya ziada, lakini waliokoa kitu kilichokuwa adimu zaidi kwao, nguvu za watu.

Vipi kuhusu dawa?

Nikisimulia habari hizi, swali la kwanza huwa ni, "Lakini si walikuwa wanatumia uchawi?" Labda ni kwa sababu ya jina la mji wetu. Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi", na utani wake tumeshauzoea.

Ni kweli, kulikuwa na dawa na miiko. Kiongozi wa kazi alikuwa na kikapu cha dawa. Tanuri jipya lilichukuliwa kama bibi harusi, na chuma kilikuwa mtoto wake. Wafanyakazi walitakiwa kujiepusha na tendo la ndoa wakati wote wa uyeyushaji, kwa sababu katika lugha hiyo walikuwa waume wa tanuri. Randi Barndon, mwanaakiolojia kutoka Norway aliyechapisha kitabu kuhusu uyeyushaji wa Wafipa na Wapangwa mwaka 2004, anaeleza kwamba kwao ufundi na ibada havikuwa vitu viwili.

Sisi wa sayansi tuna tabia ya kuchukua hewa na makaa, halafu tunaitupa miiko kama maganda. Nami nilikuwa hivyo. Siku hizi najiuliza swali jingine: kama huna kitabu, huna kipimajoto, na kosa moja linakupotezea makaa ya wiki nzima, utayatunzaje maarifa? Utayafunga ndani ya hadithi isiyosahaulika. Miiko pia iliwaweka watu kambini, macho yao kwenye moto, mpaka kazi iishe. Sisemi dawa ziliongeza nyuzijoto. Nasema kwamba kazi hii ilihitaji nidhamu ya kundi, na miiko ndiyo iliyoibeba nidhamu hiyo.

Jembe lilikwenda wapi?

Kitu kikuu kilichotoka kwenye moto huu kilikuwa jembe, pamoja na mashoka, visu na mikuki. Na kwa Mfipa jembe halikuwa la kukwaruza ardhi tu.

Uwanda wa Ufipa kwa sehemu kubwa ni nyasi. Miti ni michache, kwa hiyo kilimo cha kukata matawi na kuyachoma ili kupata majivu, kama walivyofanya majirani wengi wa upande wa Zambia, hakikuwafaa. Wafipa wakavumbua intumba. Mvua zikikaribia kuisha, mkulima anapindua nyasi pamoja na udongo na kutengeneza vilima vidogo vya mviringo. Nyasi zinaoza ndani. Juu yake unaweza kupanda maharage. Msimu unaofuata anavisambaza vilima, na hapo anapanda ulezi kwenye udongo ulioshiba. Leo tungeiita mboji.

Jaribu kupindua nyasi za uwandani zenye mizizi ya miaka kadhaa kwa jembe la mti, halafu uje unisimulie. Intumba inahitaji jembe pana la chuma. Jembe linahitaji ilungu. Kwa maneno mengine, ugali wa ulezi uliolisha uwanda huu ulipitia kwenye kile "kichuguu". Majembe yalitumika pia kulipia mahari na kubadilishana bidhaa na majirani.

Moto ulizimwa na nini?

Hakuna aliyeupiga maji siku moja. Ulizimika kwa bei na kwa muda.

Mwaka 1897 serikali ya Wajerumani ilitangaza kodi ya nyumba katika koloni lake, na kodi ilitaka fedha. Vijana walianza kwenda mbali kutafuta vibarua, kwenye mashamba ya mkonge na baadaye kwenye migodi ya Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1914 reli ya kati ilifika Kigoma. Mwaka uliofuata, meli iliyoundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande na kusafirishwa mpaka Kigoma, ilishushwa ziwani. Leo tunaiita Liemba. Fikiria hilo: chini ziwani inaelea meli nzima ya chuma, na juu uwandani bado kuna watu wanaolisha malungu makaa ili wapate chuma cha majembe.

Njia zilezile zilizoleta meli zilileta majembe ya kiwandani. Jembe la dukani halikuhitaji kukata miti, kuchoma makaa, kuchimba mawe, kujenga tanuri wala kukaa siku kadhaa mbali na mkeo. Lilihitaji fedha tu, na vijana walikuwa wameshaondoka kuzitafuta. Waliokuwa wabebe makaa wakawa wanakata mkonge. R. C. H. Greig alipochapisha maelezo yake kuhusu uyeyushaji wa Wafipa katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, kazi yenyewe ilikuwa inaelekea kuwa kumbukumbu ya wazee.

Uhunzi haukufa. Pita sokoni Sumbawanga utasikia nyundo. Fundi ana shimo la makaa, feni inayozungushwa na rimu ya baiskeli, koleo, na kipande kizito cha chuma kikiwa fuawe. Anatengeneza visu, mundu na mashoka. Kilichokufa ni ile nusu ya kwanza, kugeuza jiwe kuwa chuma.

Tulijaribu, tukashindwa

Mwaka juzi mimi na wenzangu wawili tulijenga tanuri la udongo la sentimita 70 nyuma ya nyumba tuliyopanga. Hatukuwa na mvukuto, tukaunganisha drayer ya saluni kwenye bomba. Udongo haukukauka vizuri, ukapasuka. Tukauziba. Saa ya nne yuniti za umeme zikaisha. Tulipobomoa asubuhi tulikuta mavi ya chuma matupu, hata sumaku haikuyajali.

Kama nawe una hamu, anza na nusu ya pili, kufua chuma. Rimu kuukuu ya gari iliyokandikwa udongo inatosha kuwa jiko. Kewa inaweza kuwa bomba jeusi la chuma, lakini usitumie bomba lililopakwa zinki, maana likipata moto linatoa moshi wa sumu. Fuawe tafuta kwa wauza chuma chakavu, kipande cha ekseli ya lori kinafaa. Tafadhali usiende kung'oa reli. Springi ya gari ikipata moto inafua kisu kizuri. Vaa viatu vya kufunika na miwani, na fanyia kazi nje penye hewa.

Ukishagonga kwa saa mbili na mkono unatetemeka, kumbuka kwamba umeanzia mwishoni.

Matuta manne

Nirudi kwa mjomba. Nilitamani kumwambia, "Usivunje, ni kinyume cha sheria." Nikaisoma Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na jibu halikunifurahisha. Kwa majengo, ulinzi wa moja kwa moja ni kwa yale yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye yanahitaji kutangazwa rasmi na waziri. Sasa ilungu la mjomba lilijengwa lini? Babu zake walisema lilikuwa linawaka wao wakiwa watoto. Kwa hesabu hiyo, huenda limepita mstari kwa miongo michache, na sheria haliioni.

Kwa hiyo nilimpigia simu nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, kuanzia kopo la jikoni hadi intumba. Alinyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Kumbe jembe la marehemu bibi yako lilitoka humo," akasema.

"Inawezekana, mjomba."

"Na matuta yangu manne?"

Nikamwambia ukweli kwamba hakuna atakayemlipa. Nilichoweza kuahidi ni kwenda kulipima, kulipiga picha na kupeleka taarifa kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Nawe ukiwa Nkasi, Kalambo au Sumbawanga na unalijua moja, fanya hivyohivyo. Piga picha, andika mahali lilipo, usichukue vipande vyeusi vilivyo chini yake, kwa sababu kwa mtafiti hivyo ndivyo vinavyoeleza moto ulifika wapi.

"Haya," akasema mjomba. "Msimu huu nitalizunguka. Mwakani njoo na hiyo tepu yako ya kupimia, kabla sijaanza kulima."